Majestic ya Vuga: sinema iliyokusanya mji mzima

Ukipita Vuga, Mji Mkongwe wa Unguja, utaliona jumba la Majestic kando ya barabara. Mahali hapo pana historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1921 mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alifungua hapo sinema ikiitwa Royal. Ramani aliichora John Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora Beit el Amani. Wakati huo filamu hazikuwa na sauti. Baadaye sinema hiyo ikaitwa Majestic. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 moto uliiteketeza, na mwaka 1955 jumba likasimama upya.

Filamu za Kihindi ndizo zilizotia fora. Awara ya Raj Kapoor na Nargis, ya mwaka 1951, ilipendwa mno Unguja. Siku za Idi watu walifurika na tikiti zikalanguliwa. Tena kulikuwa na zanana, yaani maonyesho ya wanawake peke yao. Mama na bibi zetu walikwenda na mabuibui yao, wakacheka na kulia, heshima yao ikiwa pale pale. Mimi naliona hilo ni jambo kubwa. Wazee wetu hawakuikataa sinema wala hawakuipokea ovyo. Waliipangia utaratibu uliolingana na mila zao.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitaifisha majumba ya sinema. Kisha zikaja video na televisheni, watu wakatazama nyumbani, na mapato ya mlangoni yakapungua. Majestic ikachakaa hadi paa likaporomoka.

Kwa nini nayaandika haya huku Kenya? Kwa sababu Mombasa nasi tulikuwa na Regal na Naaz, na leo vijana wengi huyasikia majina hayo kwa wazee tu. Tunahifadhi misikiti, ngome na milango ya nakshi, na ni vyema. Lakini sinema nayo ni kumbukumbu ya mji: Mhindi, Mwarabu, Mswahili na Mngazija walikaa ndani ya ukumbi mmoja.

Jengo bovu hujengwa tena, kama Majestic ilivyojengwa 1955. Kumbukumbu ya mzee ikizikwa naye, imekwenda. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yuko bibi aliyewahi kwenda zanana, muulize leo na uyaandike atakayokwambia.