Hitilafu za springi za nyuma katika magari ya mbio ya zamani

Hitilafu za springi za nyuma ni kasoro za springi, shokapu, bushi na ekseli zinazofanya magurudumu ya nyuma yapoteze mshiko barabarani. Huyasumbua hasa magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama yale ya Mbio za Safari za Afrika Mashariki, zilizoanza 1953 na kupita Tanzania hadi 1973. Datsun 1600 SSS lilishinda mwaka 1970, na Ford Escort RS1600 la Hannu Mikkola mwaka 1972.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kasoro hizo hujitokeza mapema. Udongo mweusi wa Basotu huteleza kama sabuni wakati wa mvua. Barabara ya Magara, inayoshuka kutoka Mbulu hadi Bonde la Ufa, ina kona kali. Mkia wa gari ukihama hapo, pembeni ni korongo.

Utambuzi

Wengi huanza kulaumu tairi. Ni afadhali kuanza na gari lililosimama mahali tambarare, kupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Upande uliolala una springi iliyochoka au iliyovunjika. Kisha kona ya nyuma hukandamizwa na kuachiwa. Ikiendelea kunesanesa, shokapu imekwisha. Baadhi ya shokapu hufaulu jaribio hili zikiwa baridi, lakini kwenye barabara mbovu mafuta yake hupata moto, hutoa povu, nazo huacha kuzuia mtikisiko.

Katika Escort, ekseli nzima hufungwa kwenye springi za mabamba. Dereva akikanyaga mafuta, ekseli hutaka kuzunguka kinyume cha magurudumu, hupinda springi, kisha hurudi ghafla. Magurudumu hurukaruka na mdundo husikika chini ya sakafu. Chanzo huwa bushi zilizolika au bolti za ekseli zilizolegea. Bolti zikaguliwe kwanza, maana gharama yake ni spana tu.

Katika Datsun 1600 SSS, kila gurudumu la nyuma lina mkono wake. Springi zikilala, magurudumu huinamia ndani kwa juu na tairi hulika upande wa ndani. Bushi za mikono zikilika, mkia huyumba dereva anapoachia mafuta.

Gurudumu moja kuzunguka peke yake kwenye tope si lazima iwe hitilafu. Difu ya kawaida ndivyo ilivyo. Difu ya mbio yenye sahani za msuguano hupimwa kwa kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gia ikiwa huru, breki ya mkono imeachiwa na magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe. Likizunguka kwa mkono bila ukinzani, sahani zimelika.