Neno plagiarius lilitoka wapi

Ndugu waseminari, mtu anayenakili kazi ya mwenzake na kutia jina lake chini, tumwite nani? Kwa Waroma, plagiarius alikuwa mwizi wa watu: alishika mtu huru, ao mtumwa wa mwingine, akamweka utumwani. Katika karne ya 1 Martialis, fundi wa mashairi, alipata habari kwamba mwingine anasoma mashairi yake kama yake mwenyewe. Akayafananisha na watumwa aliokwisha kuwapa uhuru; mwizi akamwita plagiarius.

Vitruvius naye anasimulia mashindano ya mashairi kule Aleksandria. Waamuzi sita walimchagua aliyependeza watu zaidi. Wa saba, Aristophanes, akamchagua aliyewapendeza kidogo kuliko wote. Watu wakakasirika. Kiisha akaleta vitabu vya maktaba, akaonyesha kwamba wengine wote wameiba. Wezi wakahukumiwa, yeye akapewa kulinda maktaba.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, shika hivi: kutaja mwandishi uliyemsoma si haya. Kazi ndogo iliyo yako inapita kazi nzuri ya wizi. Padri aliyezoea kumdanganya mwalimu, kesho waamini watamsadiki namna gani?