Wasomaji wa Buganda

Historia ya Ukristo Afrika imezoeleka kuanzia bandarini: meli yatia nanga, mmisionari ashuka na Biblia yake, na tangu hapo Mwafrika ni msikilizaji tu. Mambo yalivyokwenda Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo, yanaikanusha simulizi hiyo. Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka (mfalme) Mutesa mwaka 1877, na Mapadre Weupe wa Kikatoliki wakafuata 1879. Wote walikuta dini ya kitabu si ngeni. Wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar walikwisha kuleta Uislamu, na Mutesa mwenyewe aliwahi kufunga Ramadhani. Katika Kiganda, neno okusoma lilibeba maana mbili, kusoma na kusali, na waumini, Waislamu kwa Wakristo, wakaitwa wasomaji. Hata mmisionari wa Kianglikana Alexander Mackay alianza kufundisha kwa maandishi ya Kiswahili, lugha iliyokwisha kuzoeleka ikulu.

Kipimo cha kujua kanisa lilikuwa mikononi mwa nani ni kutazama kilichotokea wageni walipoondoka. Mwishoni mwa 1882 Mapadre Weupe walihamia Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, wakarudi 1885. Badala ya kundi lililotawanyika, walikuta limeongezeka. Muumini Mganda, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliwafundisha vijana wa ikulu. Huko Mityana, Matia Mulumba na Luka Banabakintu waliwakusanya wasomaji wao. Mwaka uliofuata, Kabaka Mwanga, mrithi wa Mutesa, alipoamua kuwaangamiza wasomaji Wakristo, Karoli Lwanga, mmoja wao wa ikulu, aliwabatiza usiku wakatekumeni (waliojiandaa kubatizwa) wachache, akiwemo kijana Kizito, bila padre kuwepo. Lwanga mwenyewe alikuwa amebatizwa miezi michache tu nyuma. Tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto Namugongo. Waanglikana nao walikuwa miongoni mwa waliouawa, na mateso hayo hayakuuzima usomaji.

Kuna watakaosema kwamba kilichoeneza dini hiyo ni bunduki za Waingereza. Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Afisa wa Kiingereza Frederick Lugard alifika mwishoni mwa 1890. Vita vya Mengo vya 1892 viliwapa Waprotestanti ushindi dhidi ya Wakatoliki, na vyeo vya uchifu vikagawanywa kwa madhehebu. Mtu aliyetaka cheo alikuwa na sababu ya kubatizwa. Lakini tarehe zenyewe zinatoa jibu. Wasomaji walikwisha kufa kwa ajili ya imani yao miaka minne kabla Lugard hajatia mguu Buganda, wakati ambapo ubatizo ulimfikisha mtu kwenye moto, si kwenye cheo. Dola ilikuta kanisa limesimama, ikaliongezea nguvu na pia ugomvi.

Wengine watasema vijana hao walifuata herufi kuliko Injili. Yamkini wengi walivutwa na kalamu kwanza. Hilo haliidhoofishi hoja. Linaonyesha kuwa walichukua walichokitaka kwa sababu zao wenyewe, wakakifanya chao. Mganda Henry Wright Duta alishirikiana na mmisionari George Pilkington kuitafsiri Biblia ya Kiganda iliyokamilika 1896. Mwaka huohuo Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo, akawa mgeni miongoni mwa watu wa lugha nyingine kama alivyokuwa mmisionari yeyote wa Ulaya. Iwapo majina ya namna hii husikika kwa nadra, sababu mojawapo ni karatasi: mmisionari aliandika barua na taarifa za kupeleka kwao, zikahifadhiwa; katekista, yaani mwalimu wa dini mwenyeji, alitembea kwa miguu, akafundisha kwa mdomo, akazikwa kijijini. Hadi leo, katika vigango vingi vya Afrika Mashariki ambako padre hufika mara chache, anayeongoza ibada ya Jumapili ni katekista. Kinachoonekana kama upungufu wa mapadre ni utaratibu uleule uliolikuza kanisa hili tangu mwanzo.