Kisukuma Katika Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam
Mwaka 1985 Herman Batibo, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mjini Paris uchambuzi wa fonolojia na mofolojia ya Kisukuma. Wanaisimu wa Kibantu wanaurejelea hadi leo. Lakini umeandikwa kwa Kifaransa, na walimu wengi wa Shinyanga hawawezi kuusoma. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001, ulitoa Atlasi ya 2009 kwa Kiswahili, jambo la kupongezwa, ingawa atlasi huonyesha wasemaji walipo, si wanavyosema. Machimboni Geita, Kisukuma na Kiswahili hukutana kila siku: duara ni shimo la dhahabu, karasha ni mashine ya kusagia mawe. Vipimo vinavyohesabu marejeleo ya ng'ambo pekee havimpi mtafiti sababu ya kushuka huko.