Simu mbovu, betri iliyokufa: sheria yasema ni mzigo wa nani?

Fungua droo yoyote ya nyumba za Mombasa, Malindi au Lamu. Hukosi simu iliyokufa, chaja zisizofanya kazi na rimoti ya televisheni ambayo yenyewe haipo tena. Hatuvitupi kwa kuwa tulivinunua ghali, wala hatuvitengenezi kwa kuwa fundi amekwisha kata tamaa. Siku ya kusafisha nyumba, vyote huenda jaani pamoja na maganda ya viazi.

Hizo ndizo taka za kielektroniki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na zilizokusanywa na kuchakatwa kwa njia rasmi hazikufika hata robo. Barani Afrika hazikufika asilimia 1.

Ubaya wake hauonekani kwa macho. Vioo vya televisheni za zamani zenye kisogo vina madini ya risasi, na taa za mirija zina zebaki. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani yake.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2010 Mamlaka ya Mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa kushughulikia taka hizi, lakini mwongozo si sheria. Sheria ilikuja mwaka 2022, ile ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na kanuni zake kuhusu wajibu wa mzalishaji zikatoka mwaka 2024.

Maana ya wajibu huo ni hii: anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini hamalizi kazi yake anapoiuza. Ni lazima ajisajili na NEMA na agharimie ukusanyaji na uchakataji wa bidhaa hiyo ikiisha kazi, awe peke yake au kwa kuungana na wenzake. Vifaa vya umeme na betri vimo. Kwa hivyo mzigo wa kwanza ni wa mwagizaji, na bidhaa nyingi za waagizaji hao zapitia bandari yetu ya Mombasa.

Serikali za kaunti nazo zina sehemu yao. Katiba imezipa kazi ya kuzoa na kutupa taka, na sheria ya 2022 yazitaka ziwe na vituo vya kutenganisha vinavyoweza kutumika tena. Jaa la Kibarani lilifungwa mwaka 2018 na taka zikapelekwa Mwakirunge. Lakini kuhamisha jaa hakupunguzi sumu iliyomo ndani ya taka.

Nje ya mipaka, Mkataba wa Basel ulirekebishwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025, taka yoyote ya kielektroniki haiwezi kusafirishwa kutoka nchi moja hadi nyingine bila nchi inayoipokea kuarifiwa na kukubali kwanza.

Ndugu msomaji, sisi wa Pwani tuna sababu ya kutoridhika na neno "kuchakata" peke yake. Owino Uhuru, Mikindani, kulikuwa na kiwanda kilichochakata betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kilianza mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014, na kwa muda huo risasi iliingia katika hewa, maji na damu za watoto. Phyllis Omido aliongoza wakaazi kudai haki. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Disemba 2024. Miongoni mwa waliopatikana na lawama ni NEMA yenyewe, mwenye kazi ya kukagua.

Funzo ni kwamba kuchakata bila ukaguzi ni kuhamisha madhara kutoka jaani hadi mlangoni mwa maskini. Basi tunapoambiwa kanuni ziko tayari, tuulize: vituo vya kukusanyia viko wapi huku kwetu, maana kituo kinachojulikana zaidi, WEEE Centre, kiko Nairobi? Mafundi simu na wakusanyaji wa vyuma vikuukuu, ambao ndio wanaoifanya kazi hii leo, watafunzwa au watafukuzwa? Na matokeo ya ukaguzi wa viwanda yatawekwa wazi kwa majirani?

Nasi tuna letu la kufanya. Tusichome nyaya wala kuwaachia watoto wazivunje betri. Betri na simu mbovu ziwekwe kando na taka za jikoni, na ukinunua kifaa kipya muulize muuzaji kama atakipokea kikiharibika. Dini yetu yahesabu kuondoa chenye kudhuru njiani kuwa ni katika imani. Kukiweka njiani kwa mkono wako, na wewe wajua, hesabu yake ni nyengine.