Picha Isiyopangwa katika Historia ya Katanga

Asafiriye kutoka Lubumbashi kwenda Likasi hupita Kapolowe, mahali pa reli na samaki, karibu na ziwa la Tshangalele. Ziwa hilo si la asili: lilitokea baada ya mto Lufira kuzuiwa kwa bwawa la Mwadingusha mwaka 1930, ili migodi ya shaba ipate umeme. Mvuvi avutaye wavu na mama achaguaye samaki hawamngojei mpiga picha. Hata hivyo, mtafiti atafutaye mambo ya namna hiyo katika picha za Katanga ya kikoloni huambulia machache.

Sababu mojawapo ni ya kiufundi. François Michel, mpiga picha wa msafara wa Charles Lemaire uliozunguka Katanga kati ya 1898 na 1900, alifanya kazi katika enzi ya vyombo vizito, ambapo aliyetikisika aliweza kutokea kama ukungu. Watu waliagizwa kutulia, nao wakatulia. Lakini ufundi pekee hautoshi kueleza jambo hili. Kamera ndogo ya Leica ilianza kuuzwa mwaka 1925, na bado picha za kampuni ya Union Minière ziliendelea kuwaonyesha wafanyakazi wakiwa wamepangwa safu. Kampuni ilitaka picha ishuhudie utaratibu wake. Kwa maneno mengine, picha ilikuwa aina ya daftari, na katika daftari mtu hana ruhusa ya kucheka.

Hapana budi kumtaja hapa Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, aliwatoa watu hao katika picha za kale na kuwaweka mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines. Waliopangwa wasimame wima wamejikuta katika mandhari ambayo hakuna meneja aliyeipanga. Mwenye kuwatazama kwa utulivu hugundua pia kwamba safu haikupata kutawala kila kitu: sura ya mtu haipangiki kama miguu yake.

Picha mashuhuri kuliko zote za tukio lisilopangwa nchini Kongo haikupigwa Katanga. Tarehe 29 Juni 1960, mkesha wa uhuru, Mfalme Baudouin alipita mjini Léopoldville katika gari la wazi pamoja na Joseph Kasavubu. Ghafla Ambroise Boimbo alilisogelea gari akanyakua upanga wa mfalme, na Mjerumani Robert Lebeck akaiwahi nukta hiyo. Boimbo alikamatwa mara, lakini picha ilikwisha kupatikana. Wengi huisifu kuwa ni bahati. Bahati hiyo, hata hivyo, ilikuwa na mipaka yake: kamera ilikuwepo kwa ajili ya mfalme, na Boimbo aliingia katika historia kwa kuingia katika fremu ya mwingine. Kesho yake Patrice Lumumba naye alifanya jambo lililofanana na hilo, alipotoa hotuba ambayo haikuwemo katika ratiba.

Lumumba aliuawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Hakuna picha ya mauaji hayo inayojulikana. Pengo hilo lilijazwa kwa brashi: Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alimchorea Johannes Fabian historia ya nchi katika miaka ya 1973 na 1974, kifo cha Lumumba kikiwemo, akaisimulia kwa Kiswahili cha Katanga. Kuihukumu michoro hiyo kana kwamba ni picha mbovu za kamera ni kukosea. Tshibumba alichora yale ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyapiga.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna ushahidi mwingine ulio karibu zaidi. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili hicho hicho, historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Fabian aliichapisha mwaka 1990. Wazungu walipigwa picha wakiwa wamejiandaa, barazani au mbele ya ofisi. Boi aliyeleta chai aliwaona kabla hawajajiandaa, na tena baada ya mpiga picha kuondoka.