Neno na Mfupa: Wanyama na Watu wa Jinja na Mbale

Tunapofundisha ngeli ya A-WA, mara nyingi tunaanza na ng'ombe, mbuzi na samaki. Wanafunzi wetu wa Jinja na Mbale huwa wanawajua wanyama hao kwa majina mengine kabla ya kuyasikia ya Kiswahili. Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba majina hayo, pamoja na mifupa iliyobaki ardhini, ni kumbukumbu ya maisha ya wazee wetu.

Tuanze na Jinja. Leo sangara anajulikana kila soko, lakini katika Ziwa Viktoria aliletwa na binadamu miaka ya 1950. Alipozidi kuongezeka katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu, ambao kwa Luganda huitwa nkejje, zilitoweka. Kwa hiyo mtafiti akikuta mfupa wa sangara anapochimba kando ya ziwa hili, anajua kwamba tabaka hilo ni la juzi tu, au limevurugwa.

Tukirudi nyuma zaidi, tunakuta mabaki ya Gogo Falls, Nyanza, nchini Kenya, yenye umri wa miaka 2,000 hivi. Humo mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi ilipatikana pamoja na ya samaki na wanyamapori. Tumezoea kuwagawa watu: hawa wafugaji, wale wavuvi, wengine wawindaji. Jaa la Gogo Falls linaukataa mgawanyo huo.

Umri wa mnyama nao husomwa kwenye meno. Huko Ntusi, magharibi mwa Uganda, palipokaliwa kati ya karne ya 11 na ya 15 hivi, majaa yana mifupa mingi ya ng'ombe wachanga. Mwenye ng'ombe mmoja hachinji ndama. Bila shaka makundi yalikuwa makubwa.

Je, lugha inasema nini? Mbuzi ni embuzi kwa Lusoga, na huko Mbale Wamasaba wana neno la mzizi huohuo. Wataalamu wanaurudisha mzizi huo hadi Kibantu cha kale. Ng'ombe ni tofauti: Msoga husema ente, Mmasaba ikhafu. Yaelekea mbuzi alisafiri na lugha zetu tangu mwanzo, na msamiati wa ng'ombe ukakua baadaye kwa ujirani wa jamii mbalimbali. Lakini neno laweza kuazimwa bila mnyama, na mfupa hautaji jina la mnyama. Kila kimoja kinamhitaji mwenzake.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Tutahitaji matini zinazotokana na mazingira ya wanafunzi wenyewe, na hii ni mojawapo. Lakini majembe na uchimbaji wa udongo wa matofali huharibu mabaki kabla hayajasomwa. Tunawaomba walimu wawaambie wanafunzi: wakikuta mifupa na vigae vya kale, wasiviondoe, bali wapeleke habari kwenye Makumbusho ya Uganda, Kampala. Mfupa uliotolewa mahali pake ni kama neno lililong'olewa katika sentensi: tunaweza kulitamka, lakini maana yake imepotea.